Materuni na Marangu na familia: mwongozo kamili wa safari ya maporomoko bila kuvuruga halali

Kila likizo ikiisha, malalamiko ya wasomaji huwa yaleyale. Familia ilifika Materuni, kwenye maporomoko ya mlima Kilimanjaro juu ya mji wa Moshi, picha zikatoka nzuri, lakini watoto walishinda na biskuti kwa sababu hakuna aliyejua kuku wa mchana alichinjwa na nani. Adhuhuri iliwakuta juu ya mawe yenye utelezi. Baba na vijana wakaingia majini, mama na mabinti wakabaki kando na mabaibui yao wakilinda mikoba.

Moshi haikosi halali. Mji una misikiti, una mabucha ya Waislamu, una mama lishe wa pilau na wauza mahamri wa alfajiri. Kinachokosekana ni maamuzi ya mapema. Nyama, swala na stara ya majini huachwa viamuliwe mkiwa tayari kijijini, na wakati huo mwongozaji ameshapanga siku yake na mpishi ameshabandika sufuria. Mambo hayo matatu inabidi yaamuliwe nyumbani, kabla hujatuma hata shilingi ya kuweka nafasi.

Mpango huu ni wa familia inayotoka Dar es Salaam na kulala Moshi usiku tatu. Wa Tanga watabadili kidogo sana. Wa Mombasa nimewawekea maelezo yao kwenye hatua ya nne.

Vitu vya kuandaa kwanza

- Viatu vya kamba vyenye soli ya meno, jozi moja kwa kila mtu. Udongo wa mlimani ni mwekundu, na ukilowa huteleza kama sabuni. Kandambili na yeboyebo zibaki chumbani.
- Nguo ya kuogelea ya stara kwa kila mwanamke na binti: suruali, gauni la kufika magotini na kofia ya kichwa, vya kitambaa kisichonata mwilini. Zinunuliwe Kariakoo au popote mnaponunua nguo. Usitegemee kuzipata Moshi siku ya mwisho.
- Kanga nne za ziada. Mbili za kujifungia wakati wa kubadili nguo, mbili za kushikiwa na wenzako kama pazia, kwa sababu penye maporomoko usitarajie chumba cha kubadilia.
- Sweta na koti la mvua kwa kila mtu, hata mkienda Januari. Watoto wa Dar hawaamini baridi mpaka iwafike.
- Mswala mwepesi na kipande cha turubai cha kuweka chini yake. Bila turubai, mswala utanyonya maji ya ardhini kabla hamjamaliza rakaa ya kwanza.
- Chupa tupu ya lita moja na nusu kwa ajili ya kustanji na kutawadha. Vyoo vya njiani mara nyingi havina maji ndani.
- Sufuria moja kubwa yenye mfuniko, mwiko, na kisu kikali. Sababu utaziona kwenye hatua ya saba.
- Tende, karanga, chapati, mayai ya kuchemsha. Chakula hiki ndicho bima yenu mpango wa mchana ukivurugika.
- Dawa ya kuzuia kutapika garini, chumvichumvi za kuongeza maji mwilini, plasta na dawa ya vidonda.
- Vitambulisho vya watu wazima na noti ndogondogo. Viingilio vya Mtanzania na vya mgeni havifanani, na anayedai bei ya Mtanzania aonyeshe kitambulisho.
- Mbeleko kwa mtoto mdogo. Kigari cha kusukuma hakitafika popote.

Nguo zilizolowa zifungie kwenye mfuko wa turubai au wa mpira mzito. Mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku Tanzania tangu 2019, na Kenya tangu 2017, kwa hiyo usijaze begi mifuko ya dukani ukavuka nayo mpaka.

Hatua ya 1: Chagua tarehe, na uiogope Desemba

Wazazi wengi hutazama likizo ndefu ya shule, wakaona Desemba, wakalipa. Huo ndio mwezi mgumu kuliko yote. Kuanzia katikati ya Desemba Wachaga wa kila pembe ya nchi hurudi kwao mlimani. Mabasi hujaa, nauli hupaa, vyumba huisha, barabara ya Himo kwenda Marangu hubanana. Karibu kila ua una sherehe, na sherehe huko maana yake mbege, yaani pombe ya ndizi, na nyama choma. Ni msimu wao na haki yao, ila kwa familia inayotafuta utulivu na jiko la uhakika, si wakati wake.

Machi hadi Mei ni masika. Njia huwa tope, na mto huweza kupanda ghafla.

Mimi huwashauri watu Juni na Julai. Masika yamepita, maji bado ni mengi, shule zimefungwa kwa muda. Gharama yake ni baridi, na ukungu unaoweza kuuficha mlima siku nzima. Januari na Februari mlima huonekana vizuri na njia ni kavu. Maji hupungua, ingawa Materuni hayakauki.

Ndani ya wiki, lenga Jumanne hadi Alhamisi. Jumamosi vijana wa Moshi na Arusha hupanda kwa makundi, na Jumapili asubuhi waongozaji wengi wako kanisani.

Safirini Jumatatu, Materuni iwe Jumanne, Marangu Jumatano, Alhamisi mrudi. Mpango huo una faida ya kifiqhi pia, nitaieleza mbele.

*Umefaulu hapa* ukiwa na tarehe mbili, ya kwanza na ya akiba, na zote ziko nje ya masika na nje ya Desemba.

Hatua ya 2: Laleni mjini Moshi, mlimani mwende na kurudi

Matangazo ya nyumba za wageni za mlimani yanavutia: bustani, mandhari, sauti ya mto. Lakini nyingi zina baa hapohapo, jiko ni moja kwa wageni wote, na jirani yenu wa karibu mwenye bucha la Kiislamu yuko kilomita nyingi bondeni. Mjini Moshi mnasikia adhana, mnapata kifungua kinywa cha halali kwa miguu, na Materuni iko kilomita 15 hivi kutoka katikati ya mji. Marangu ni kilomita 40 hivi.

Kabla ya kulipia chumba, piga simu. Usiandike, piga. Uliza kama kuna baa au muziki wa usiku, kama jikoni wanapika kitimoto (nguruwe), kama chooni kuna bomba la kustanji au angalau kopo, na kama vyumba viwili vinaweza kuwa vya kukabiliana ili mabinti wasilale ghorofa nyingine.

Usizipite bila kuziangalia hosteli zinazoendeshwa na makanisa. Mara nyingi haziuzi pombe, ni safi, na usiku ni kimya. Uliza tu habari za jikoni, kisha kuleni mjini. Kama ninyi ni wengi, nyumba ya kupanga yenye jiko lake ni bora zaidi: mnanunua nyama wenyewe na mama hapangiwi saa ya chakula na mtu.

Namna nzuri ya kupata bucha na hoteli ya chakula cha halali ni ya zamani: baada ya swala ya kwanza mjini, mwulize muadhini au mzee aliyekaa barazani. Watakutajia mahali wanapokula wao. Kibao cha "halali" ukutani si dhamana kama jiko hilohilo linakaanga soseji na chipsi kwenye mafuta mamoja.

Hatua ya 3: Tuma ujumbe huu kabla ya kulipa

Safari nyingi huharibika hapa. Wakala au mwongozaji huuza "kifurushi" chenye usafiri, kiingilio, kahawa na chakula cha mchana. Ukishalipa, chakula kimeshapangwa. Kwa hiyo maswali yatangulie pesa. Unaweza kunakili haya maneno na kubadili idadi:

*"Habari za leo. Sisi ni familia ya watu saba, Waislamu, tukiwa na bibi na watoto watatu. Tunataka Materuni siku ya Jumanne. Tunaomba tuanze kupanda saa mbili kamili asubuhi. Chakula cha mchana tunaomba kisiwe na nyama wala kuku: ndizi, maharage, mboga na parachichi, tupikiwe kwenye sufuria tutakayokuja nayo. Hatutaonja mbege. Saa sita na nusu tutahitaji sehemu kavu ya kuswali kwa nusu saa. Je, mnaweza? Na bei ni kiasi gani kwa kila kitu, pamoja na kiingilio na mwongozaji wa kijiji?"*

Kila sentensi hapo ina kazi. "Saa mbili kamili" inawapa maji kabla makundi hayajafika. "Kisiwe na nyama" inafuta mjadala mzima wa mchinjaji. Swali la bei ya kila kitu linakukinga na viingilio vya kushtukiza getini.

Sikiliza namna anavyojibu. Akisema "usijali, hapa kila kitu ni halali", hajajibu kitu. Mjini Tanzania tumezoea kwamba nyama ya kuuza huchinjwa na Muislamu, na waongozaji wengi husema hivyo kwa nia njema. Lakini kuku wa kienyeji wa kijijini hachinjwi machinjioni. Huchinjwa uani na mwenye nyumba, na mwenye nyumba huko mara nyingi ni Mkristo. Mwongozaji mzuri atakuuliza maswali mengine: mna watoto wa umri gani, bibi anatembeaje. Huyo mlipe.

*Umefaulu hapa* ukiwa na majibu ya maandishi kwenye simu: saa ya kuanza, chakula, mahali pa kuswalia, jumla ya bei.

Hatua ya 4: Njiani

Kutoka Dar ni kilomita 550 hivi kupitia Chalinze, Segera, Korogwe, Mombo, Same na Himo. Kwa basi ni siku nzima. Mabasi huondoka alfajiri kutoka stendi ya Magufuli, Mbezi. Kama tiketi inasema saa kumi na moja, kuna hatari swala ya alfajiri ikawakuta ndani ya basi. Chagua basi la saa kumi na mbili au baadaye, mswali kwanza.

Mapumziko ya chakula njiani ni mafupi. Msigawanyike ovyo: mmoja akapange foleni ya chakula, wengine watawadhe. Mkiona muda hautoshi, msafiri anaruhusiwa kuichelewesha adhuhuri akaikusanya na alasiri, ilimradi anuie hivyo ndani ya wakati wa adhuhuri. Wajulisheni watoto wakubwa mapema ili wasiingiwe na wasiwasi.

Kwa gari binafsi, ogopa vibao vya kilomita 50 kwenye vijiji. Askari wa barabarani wako makini nazo, na ndivyo inavyopaswa, maana watoto huvuka.

Familia za Mombasa hupita Voi, Taveta na Holili. Ninyi mkishavuka mpaka mko karibu na Himo, na Marangu iko juu yake tu, kwa hiyo anzeni na Marangu siku ya kwanza mkiwa mnaelekea Moshi, Materuni iwe ya pili. Hati za kuvukia za watoto ziandaliwe wiki kadhaa kabla, hasa mtoto akisafiri na mzazi mmoja au na shangazi.

Hatua ya 5: Jenga siku juu ya swala

Watu hupanga matembezi kwanza kisha hutafuta nafasi ya swala katikati yake. Fanya kinyume. Moshi adhuhuri huingia kati ya saa sita na robo na saa saba kasorobo kutegemea mwezi, na magharibi karibu saa kumi na mbili na nusu. Weka nukta hizo mbili kwenye karatasi, halafu panga maporomoko yakae kabla ya adhuhuri. Hapo swala haitawakuta chini ya maji kabisa.

Kwa madhehebu ya Shafi, ambayo wengi wetu wa pwani tunaifuata, msafiri wa umbali wa kutoka Dar, Tanga au Mombasa anafupisha adhuhuri, alasiri na isha kuwa rakaa mbili mbili, na anaruhusiwa kukusanya. Hali hiyo inaendelea mkiwa Moshi ikiwa hamkunuia kukaa siku nne kamili, bila kuhesabu siku ya kuingia na ya kutoka. Safari ya usiku tatu iko ndani ya ruhusa. Mkiingia msikitini Moshi mkaswali nyuma ya imamu mkazi, mnakamilisha nne pamoja naye. Wanaotoka Arusha wamuulize sheikh wao, maana umbali wao uko mpakani.

Kibla ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Kutoka Moshi, Makka iko karibu kaskazini kabisa, ikielekea mashariki kidogo. Kilele cha Kibo nacho kiko kaskazini ya mji. Yaani ukiwa Moshi na mlima uko wazi, ukiuelekea uso umekaribia sana kuelekea kibla.

Ila usiibebe kanuni hiyo Marangu. Marangu iko mashariki zaidi, na Kibo huonekana upande wa kaskazini-magharibi. Anayeuelekea mlima kutoka huko amekosea kwa pembe kubwa. Huko tumia dira ya simu, na mbali na gari, kwa sababu chuma huivuruga.

*Umefaulu hapa* ukiwa na karatasi moja ya siku nzima ambayo bibi na mtoto wa darasa la tano wanaweza kuisoma.

Hatua ya 6: Siku ya Materuni

*Kuondoka.* Saa moja asubuhi muwe garini. Njia hupita Uru, na kipande cha mwisho ni kikali. Kwa siku kavu Noah yenye dereva anayeijua njia hufika. Mvua ikiwa imenyesha usiku, dai gari la magurudumu manne au ahirisha. Bodaboda mbili zenye watoto wanne si suluhisho.

*Kijijini.* Mtajiandikisha, mtalipa, mtapewa mwongozaji. Mara hii moja, mkumbushe ujumbe wako mbele ya mpishi, kwa upole: "Dada, sufuria yetu hii hapa, na nyama tumesema hapana." Simu hupokelewa na mtu mmoja na chakula hupikwa na mwingine. Dakika hizo mbili ni muhimu kuliko uthibitisho wote wa simu.

*Kupanda.* Ni mwendo wa saa moja hivi kwa mtu mzima, na wenye watoto waongeze nusu saa. Njia hupita katikati ya vihamba, mashamba ya nyumbani ya Wachaga: migomba, kahawa, maparachichi, na mifereji ya maji. Mifereji hiyo ni ya wenyeji, wanaitumia nyumbani na shambani. Watoto wasioshe miguu humo, na mtu asistanji humo. Tumieni chupa yenu.

Baibui refu ni hatari kwenye mteremko. Mwanamke avae suruali pana na gauni la kufika magotini, au apandishe baibui alifunge kiunoni juu ya suruali. Hijabu ya kuvuta kichwani ni bora kuliko ya pini, ambayo hufunguka kila ukiinama.

Wapangeni: mwongozaji mbele na mtoto mkubwa, mama katikati, baba nyuma ya wote. Baba akitangulia, kama desturi yetu ilivyo, hamwoni aliyeteleza.

*Kwenye maporomoko.* Maji huanguka kutoka kimo kinachotajwa kuwa karibu mita 80, na upepo wake hurusha manyunyu mbali. Kila mtu atalowa, hata asiyeingia. Maji ni baridi ya mlimani, ya kumkata mtu pumzi.

Mkifika kabla ya saa nne, mara nyingi mtakuwa peke yenu au na kundi dogo. Gaweni muda: mama na mabinti waingie kwanza dakika ishirini huku baba na vijana wakisimama kwenye kona ya njia wakitazama wanakotoka, kisha mbadilishane. Mwombeni mwongozaji asimame na wanaume. Wengi wao hukubali mara moja wakielezwa, hawajui tu kama hawajaambiwa. Kundi jingine likifika, nguo za stara zinafanya kazi yake na hakuna haja ya kukimbilia kanga.

Sasa maonyo, na haya si ya kupuuza. Msiingie moja kwa moja chini ya maji yanayoanguka, kwa sababu hushuka na mawe na matawi. Mtoto asiyejua kuogelea asipite maji ya magotini, na mtu mzima amshike mkono. Msipande mawe ya kijani pembeni kwa ajili ya picha. Mvua inaweza kuwa inanyesha juu mlimani na ninyi mko juani. Maji yakibadilika rangi kuwa ya kahawia au yakiongeza sauti, tokeni palepale, viatu mtavaa mkiwa juu.

Mtu akiumia, Moshi ina hospitali ya rufaa ya KCMC, iliyo upande huohuo wa kaskazini ya mji. Namba ya dharura ni 112.

*Kushuka.* Anzeni saa tano. Kushuka kunachosha magoti kuliko kupanda, na ajali nyingi za utelezi hutokea hapa kwa sababu watu wamelegea.

*Umefaulu* ikiwa saa sita mko kijijini, mmevaa nguo kavu, na adhuhuri bado au ndiyo kwanza inaingia. Swalini adhuhuri na alasiri kwa kukusanya, halafu kuleni. Baada ya hapo siku ni yenu, hakuna anayetazama saa.

Hatua ya 7: Chakula, kahawa na kibuyu cha mbege

Ndizi za Kilimanjaro ni neema, na si lazima ziwe na nyama. Omba ndizi za maharage, au machalari (mchuzi wa ndizi) ya mboga yenye nyanya, kitunguu na parachichi pembeni. Mtori, supu nzito ya ndizi, kwa kawaida huwa na nyama, kwa hiyo uulizie. Kisusio kiepukeni kabisa: ni supu inayotiwa damu, na mtu asiyejua anaweza kuipokea akidhani ni supu ya kawaida ya mbuzi.

Kwa nini sufuria yenu? Kwa Shafi, chombo kilichoguswa na nguruwe huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Hutaweza kumwomba mwenyeji akuoshee hivyo, na si adabu kumuuliza kila chombo kimepika nini. Sufuria ya nyumbani inamaliza swali bila kumvunjia mtu heshima. Mwambie tu kwamba ndiyo desturi yenu safarini.

Mkitaka nyama, kuna njia nzuri zaidi ya zote: nunueni kuku hai kijijini, baba amchinje mwenyewe kwa kile kisu. Watoto wa mjini wengi hawajawahi kuona kuku akichinjwa kwa Bismillahi na kunyonyolewa mpaka akafika sahanini. Mpe mwongozaji taarifa siku moja kabla, ili kuku apatikane na kuni ziwepo. Hesabu saa moja na nusu ya ziada.

Kahawa haina shida. Mtaitwanga kwenye kinu, mtaikaanga kwenye moto wa kuni na kuinywa hapohapo, huku wenyeji wakiimba. Watoto hupenda kutwanga kuliko chochote kingine siku hiyo.

Mbege italetwa, kwenye kata au kibuyu. Hutengenezwa kwa ndizi mbivu na ulezi uliochachushwa, na ni kileo. Mtoto akisikia "kinywaji cha ndizi" atadhani ni juisi, kwa hiyo zungumzeni naye usiku uliotangulia. Kukataa ni rahisi: "Asante sana mama, sisi hatutumii." Hakuna atakayenuna. Angalieni tu kahawa yenu isimiminwe kwenye kata ileile.

Hatua ya 8: Marangu, kwa ajili ya bibi

Kama kuna mzee au mjamzito, Materuni inaweza kuwa nzito. Hapo Marangu inaokoa familia. Maporomoko ya Kinukamori yako mwendo mfupi kutoka Marangu Mtoni, na bibi mwenye fimbo anaweza kuyatazama kutoka juu bila kushuka ngazi zote. Ni madogo sana kuliko Materuni. Mwambie mapema asitegemee makubwa, na atayafurahia.

Maporomoko ya Kilasiya ni kwa vijana wenye nguvu: mteremko mkali kwenda bondeni na njia kando ya mto. Gaweni kundi, nusu wabaki na bibi.

Chakula siku hii kichukueni Moshi asubuhi. Marangu sikushauri kutafuta nyama bila kumjua mtu. Msikiti upo mbali na maporomoko yenyewe, kwa hiyo rudieni mpango wa jana: maji asubuhi, swala saa sita na nusu kwenye turubai uani kwa mwenyeji mliyemwomba ruhusa, dira mkononi.

Geti la Kilimanjaro liko hapo juu, na vijana wataomba "tupande kidogo". Kuingia hifadhini kuna ada yake na taratibu zake. Picha ya getini inatosha kwa safari hii.

Hatua ya 9: Chemka, kama muda upo

Wengi huongeza chemchemi ya Kikuletwa, maarufu kama Chemka, huko Rundugai upande wa Boma Ng'ombe. Maji ni ya buluu na angavu, ya uvuguvugu tu licha ya jina lake. Lakini ni dimbwi moja la wote, na mwishoni mwa wiki kuna muziki, pombe na mavazi ya kila namna. Kwa familia inayotaka stara, ni kufika asubuhi mapema katikati ya wiki au kutokwenda. Maji yake ni ya kina, asiyejua kuogelea avae boya.

Ikiwa ni lazima muache kitu kimoja, acheni hiki. Muda huo utumieni kuanika viatu, kununua kahawa na ndizi za kupeleka nyumbani sokoni Moshi, na Alhamisi muwahi basi la asubuhi. Tiketi ya kurudi ikatwe siku mliyofika, mkiwa bado stendi, viti vya pamoja visije vikaisha.